Malezi Nyumbani: Mtoto hapimwi kama gunia la muhogo



Kila mwaka, siku za kutolewa matokeo ya shule, maneno yale yale husikika katika nyumba zetu. Baba hushika karatasi ya alama, huisoma kimya, kisha humwita mtoto na kumwambia: «Wewe huna akili.» Mama hujaribu kumtetea, lakini moyoni naye ana mashaka. Mtoto husimama karibu na mlango akitazama chini. Hukumu imekwisha kutolewa, wala hakuna aliyeuliza sababu.

Wako pia wazazi wanaoambiwa na mwalimu au na daktari: «Mpelekeni mtoto huyu kwa mtaalamu wa saikolojia, akapimwe.» Hapo hofu huingia. Kupimwa nini? Watasema kwamba mtoto wetu ana wazimu? Wengine, kinyume chake, hufurahi kupita kiasi, wakidhani kwamba kipo chombo cha kuhesabu akili kama vile mizani ihesabuvyo kilo za muhogo sokoni. Wote wawili wamekosa njia. Kwa hiyo leo tutaeleza vipimo hivyo ni nini, vilianza wapi, vinaweza kutuambia nini, na neno gani haviwezi kutuambia kamwe.

Mwanzo wake

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuchunguza jambo gumu. Tangu mwaka 1882 sheria ya nchi hiyo iliwalazimisha watoto wote kufundishwa. Basi madarasa yalijaa, na ndani yake walikuwamo watoto wasioweza kufuata masomo pamoja na wenzao. Wafanyiwe nini? Tena, ni nani atakayewatambua kwa haki? Mwalimu aliyechoshwa na mtoto mtundu angeweza kusema: «Huyu ni mjinga, mwondoeni,» kumbe mtoto ana akili timamu, ila hapendi kutulia.

Katika tume hiyo alikuwamo mtaalamu mmoja wa Paris, jina lake Alfred Binet. Mwaka 1905, yeye pamoja na daktari Théodore Simon walitunga maswali na kazi ndogo ndogo 30, kuanzia nyepesi mpaka nzito. Mwaka 1908 walizipanga kufuata umri. Mtoto wa miaka 3 aonyeshe pua yake, macho yake na kinywa chake. Mtoto wa miaka 5 ashike vitu viwili na kusema kipi ni kizito zaidi, kisha achore mraba kwa kuufuata ule aliowekewa mbele yake. Ndivyo ilivyoendelea, mwaka kwa mwaka. Hapakuwa na sindano wala mashine. Palikuwa na meza, karatasi, kalamu, mtoto mmoja, na mtu mzima mwenye uvumilivu.

Shabaha ya Binet ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada ili apewe mafundisho yanayomfaa. Walipotokea watu waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichowekwa tangu kuzaliwa, kisichoweza kuongezeka, yeye aliwapinga waziwazi katika kitabu alichokitoa mwaka 1909. Alifundisha kwamba uangalifu wa mtoto, kumbukumbu yake na uamuzi wake vyaweza kukuzwa kwa mazoezi, kama shamba linavyozaa zaidi likilimwa vizuri. Alikufa mwaka 1911.

Namba na hatari yake

Baada yake walikuja wengine. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alitoa shauri la kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Mmarekani Lewis Terman alieneza hesabu hiyo, akiizidisha mara 100. Kwa mfano, mtoto wa miaka 8 aliyeweza kazi za mtoto wa miaka 6 tu alipewa namba 75. Siku hizi wataalamu hawafanyi tena hesabu ya namna hiyo. Mtoto hulinganishwa na watoto wengi wa umri wake, na 100 huwekwa kuwa ndiyo katikati.

Hapo ndipo penye hatari. Namba ni fupi, ni rahisi kukumbuka, na watu huipenda. Mtaalamu ameandika kurasa tano juu ya mtoto, lakini mzazi anakumbuka tarakimu mbili tu. Tena ni lazima kuuliza: huyu mtoto wetu analinganishwa na watoto gani? Wa Kolwezi au wa Brussels? Wa kijiji kisicho na kitabu hata kimoja, au wa nyumba yenye vitabu ukutani? Aliulizwa kwa lugha gani? Haya si maswali ya kutafuta udhuru, nasi tutayaonyesha kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa Mtakatifu Yohane Maria Vianney, ambaye maparoko wote wanamwita msimamizi wao. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1786, mwana wa mkulima, akaanza shule kwa kuchelewa kwa sababu ya fujo za mapinduzi. Alipokuwa seminarini Lyon, masomo yalitolewa kwa Kilatini, naye hakuelewa. Mtihani ulimshinda. Lakini Padri Balley, mlezi wake, hakukubali kwamba habari imekwisha. Alimfundisha kwa Kifaransa, lugha aliyoisema tangu utoto, kisha akaomba aulizwe kwa lugha hiyo. Vianney alijibu vema, na mwaka 1815 alipewa upadri. Watu wa kila namna walifunga safari mpaka Ars kuungama kwake, naye alitangazwa mtakatifu mwaka 1925. Akili yake ilikuwa ile ile siku ya Kilatini na siku ya Kifaransa. Kilichogeuka ni lugha ya kumwuliza.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Miaka ya 1950, Profesa André Ombredane wa Brussels, pamoja na wenzake, waliwapa Wakongo kipimo cha picha za rangi zilizokatwa kipande. Anayepimwa hutafuta kipande kinachofaa kuziba pengo. Hawakuridhika na kupima mara moja, bali walirudia kipimo kile kile kwa watu wale wale. Katika taarifa yao ya mwaka 1956 walionyesha kwamba alama zilipanda kadiri watu walivyozoea kazi hiyo. Maana yake ni nini? Mtu asiyewahi kuona mchezo wa namna hiyo, siku ya kwanza hupimwa ugeni wake kuliko akili yake.

Mfano wa tatu unatoka kwa jirani zetu wa Zambia. Mtaalamu Robert Serpell alilinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester huko Uingereza, akatoa habari zake mwaka 1979. Aliwapa kazi ya kuiga maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Kwa waya, watoto wa Zambia walishinda. Kwa udongo, walikuwa sawasawa. Nani asiyejua sababu? Katika Lubumbashi na Likasi, kama vile Lusaka, watoto wetu wanatengeneza motokaa za waya zenye usukani na magurudumu yanayozunguka, bila kufundishwa na mwalimu yeyote. Ukiwapima kwa kalamu peke yake, utasema mikono yao ni mizito. Ukiwapa waya, utawavulia kofia.

Kipimo kilichowatetea watoto

Msije mkafikiri sasa kwamba tunavidharau vipimo. Hapana! Kikifanywa vizuri, kipimo chaweza kumtetea mtoto ambaye kila mtu amekwisha kumhukumu. Sikilizeni habari ya Kahemba, katika jimbo la Kwango.

Huko uko ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika habari zake tangu mwaka 1938. Mtoto aliyelala mzima huamka miguu ikiwa migumu, na ulemavu huo haumtoki tena. Huwapata hasa watoto na akina mama. Asili yake ni muhogo mchungu usiotengenezwa ipasavyo, pamoja na upungufu wa nyama, samaki au maharagwe katika chakula. Ndani ya muhogo mchungu mna sumu. Desturi ya mababu ni kuuloweka siku nyingi ili sumu itoke, lakini njaa inapokaza, au wafanyabiashara wanapoharakisha, siku hizo hupunguzwa.

Wataalamu wa Kongo na wa Marekani, wakiwamo Tshala-Katumbay na Boivin, waliwapima watoto wa Kahemba kumbukumbu yao, namna yao ya kujifunza na wepesi wa mikono yao. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Watoto wenye konzo walionekana kuwa na shida, na hilo lilitazamiwa. Lakini hata watoto wa mahali pale pale ambao miguu yao ilikuwa mizima walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kingine kisicho na konzo. Sumu ilikuwa imewagusa kichwani bila kugusa mwendo wao. Hakuna aliyekuwa ameona. Mwalimu aliwaona wavivu, mzazi aliwaona wazito, kumbe neno lilikuwa katika sahani.

Basi, hapo kipimo kilifanya kazi yake ya kweli. Hakikusema: «Watoto hawa ni wajinga.» Kilisema: «Watoto hawa wanaumizwa, tazameni chakula chao.» Na dawa yake haihitaji fedha nyingi. Zaidi ya kuloweka muhogo siku zake zote, akina mama wa vijiji vya Kwango walifundishwa njia nyingine. Unga huloweshwa kwa maji, hutandazwa kwa tabaka nyembamba juu ya mkeka, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu ipande hewani, ndipo hupikwa ugali kama kawaida. Je, fimbo ya mwalimu ingaliweza kufanya hivyo?

Namna ya kupima vizuri

Labda mtauliza: Tutajuaje kama mtoto wetu anapimwa vizuri? Angalieni mambo haya.

Kwanza, macho na masikio yachunguzwe kabla ya akili. Mtoto asiyeona ubao huandika upuuzi, na mtoto mwenye usaha masikioni hujibu swali ambalo halikuulizwa. Wengi wameitwa wazito, kumbe walihitaji miwani au dawa ya masikio. Kadhalika minyoo, malaria ya kila mara, kifafa na njaa ya asubuhi humnyima mtoto nguvu za kufikiri.

Pili, mtaalamu mwema huanza kwa kuwasikiliza wazazi. Atauliza mimba ilikuwaje, mtoto alizaliwaje, alianza lini kutembea na kusema, alipata homa kali gani, nyumbani kuna amani au ugomvi. Msimfiche neno. Mama, usione haya kusema kwamba mtoto alichelewa kulia siku ya kuzaliwa. Baba, usikasirike ukiulizwa habari za pombe. Atataka pia kusikia mwalimu anasema nini, maana mtoto mmoja aweza kuwa bubu darasani na msemaji uwanjani.

Tatu, mtoto aulizwe kwa lugha anayoota nayo. Kama nyumbani ni Kiswahili, Kiluba au Kishi, na kipimo ni cha Kifaransa, basi kinapima Kifaransa.

Nne, msiridhike na namba. Ulizeni: «Mtoto wetu anaweza nini vizuri? Anashindwa wapi? Tufanye nini nyumbani, na mwalimu afanye nini darasani?» Kipimo kisichojibu maswali hayo ni kama daktari anayetaja ugonjwa na kufunga mlango. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mtoto apimwe tena, kwani mtoto hukua.

Kwa vijana wa miaka 12 na kuendelea, kupima kuna sura nyingine tena. Mara nyingi si akili inayotafutwa, bali huzuni, hofu au jeraha la moyo. Katika Kivu na Ituri wako vijana walioona vijiji vyao vikiteketea, waliokimbia usiku, waliopoteza baba na mama. Kijana wa namna hiyo hukaa darasani macho yakiwa wazi, lakini roho yake iko mahali pengine. Halali usingizi, hukasirika bure, huacha kula, au husema kwamba heri kufa. Neno hilo la mwisho msilichukulie kama mchezo hata siku moja. Kaeni karibu naye, msimwache peke yake, mtafuteni daktari au mtaalamu siku ile ile. Na mtaalamu akitaka kusema na kijana faraghani, mruhusuni. Liko neno ambalo kijana hawezi kulisema mbele ya baba yake, si kwa kukosa heshima, bali kwa sababu ya heshima yenyewe.

Tunajua kwamba wataalamu hao ni wachache katika nchi yetu. Vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi vinawafundisha, lakini nchi ni kubwa na barabara ni mbaya. Hata hivyo, kazi ya kwanza haihitaji diploma. Mzazi anayetazama kwa uangalifu, anayeandika katika daftari siku gani mtoto alifanya vizuri na siku gani alishindwa, amekwisha kumsaidia mtaalamu nusu ya njia. Tangu mwezi wa Septemba 1919 mpaka leo? La, hatuna haja ya kurudi mbali hivyo: tangu Septemba 2019, ilipoanza amri ya masomo ya msingi bila malipo katika shule za serikali, watoto wengi waliingia darasani, nasi tulishangilia. Lakini mwalimu mwenye watoto mia mbele yake hawezi kumwona yule mmoja anayenyamaza pembeni. Kumwona huyo ni kazi ya mzazi.

Neno chungu

Hatuna budi kusema na jambo moja ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Mtoto asiyeshika masomo, mtoto anayeanguka kifafa, anayekojoa kitandani, anayesema peke yake, anayekataa kucheza na wenzake: katika nyumba nyingine za Kongo mtoto huyo haitwi mgonjwa, wala haitwi mzito. Anaitwa mchawi. Hupelekwa kwa watu wanaojiita wachungaji, hufungwa, hunyimwa chakula siku kadhaa, hupigwa, mwishoni hufukuzwa. Barabara za miji yetu mikubwa zimejaa watoto waliofukuzwa namna hiyo.

Wazazi Wakristo, hilo ni dhambi, na ni kosa mbele ya sheria. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na inasema waziwazi kwamba sheria itamwadhibu anayefanya hivyo. Mambo yale yale ambayo mshitaki huyaita dalili za uchawi, daktari na mtaalamu wa saikolojia huyaandika kwa utulivu katika taarifa yao, kisha hutafuta dawa. Kifafa kina vidonge. Kukojoa kitandani hutokana mara nyingi na hofu au na kuchelewa kukua. Mtoto asemaye peke yake yafaa asikilizwe. Kama jamaa, hata mzee wa ukoo, anakuja kwenu na neno hilo la uchawi, mjibuni kwa heshima: «Mzee, tumekusikia, lakini mtoto huyu kwanza tutampeleka hospitalini.» Kisha mpelekeni kweli.

Nanyi wanafunzi, tusiwasahau. Darasani mwenu yuko mmoja ambaye kila akisimama kusoma, wengine hucheka. Ninyi mmempima kwa kicheko, kipimo kibaya kuliko vyote, maana hakimwonyeshi njia yoyote ya kutoka. Mmoja wenu akae karibu naye wakati wa mapumziko, amsomee swali polepole, kwa lugha ya nyumbani. Huenda akaona kwamba mwenzake alijua jibu, ila hakulielewa swali.

Mwenyezi Mungu aligawa talanta, huyu tano, huyu mbili, huyu moja, na kila mmoja alidaiwa hesabu ya ile aliyopewa, si ya jirani yake. Aliyekemewa ni yule aliyeifukia yake udongoni. Tujihadhari basi tusije tukaifukia talanta ya mtoto wetu kwa neno moja, «huna akili», tulilolisema siku ya matokeo kwa hasira. Karatasi ya alama ikifika nyumbani safari hii, baba akae chini, mtoto naye akae chini, na swali la kwanza liwe hili: «Mwanangu, ni wapi palipokuwa pagumu?» Kisha tusubiri jibu, hata likichelewa.